Funza wa Chupa na Funza wa Wifi

Kwa miaka ishirini na mbili alilea funza kwa mkono wake, akawalisha wakanona, kisha akawapeleka kuuawa. Ndiyo ilikuwa kazi yake na hakuionea haya. Wenzake wakiulizwa na wageni wanafanya nini, walijibu "utafiti" na kukohoa kidogo. Yeye alijibu, "Nalisha wadudu," kisha akangoja aone nani atasogeza kiti.

Kituo chenyewe kilikuwa cha kutafiti mpunga, na watu wote humo, kuanzia mlinzi wa getini hadi mkurugenzi, walimwita Mama Funza. Jina lake la kwenye karatasi alilijua karani peke yake, naye alikuwa akilikosea. Chumba chake kilikuwa mwisho wa korido, kikipakana na choo cha wanaume, hivyo mgeni aliyesikia harufu hakujua amlaumu nani. Ndani, joto lilikaa palepale mwaka mzima, kama maji ya kumwogeshea mtoto mchanga. Kwenye rafu zilipangwa chupa mia tatu za kioo, na katika kila chupa kulikuwa na donge la uji mgumu wa kahawia ambao Mama Funza aliupika mwenyewe kila Jumatatu: unga wa maharage, hamira, sukari, vitamini za dukani, na unga wa mwani wa kuugandisha. Humo ndimo walimoishi watoto wake.

Funza wa shina, kwa asiyemjua, ni mtoto wa nondo mdogo wa rangi ya majani makavu, nondo ambaye hata akikutua begani humpi heshima ya kumpiga kofi. Hutaga mayai kwenye jani la mpunga, yamepangwa kama magamba ya samaki, kisha huyo, kazi yake imekwisha. Watoto wakianguliwa hutoboa shina, wakaingia, wakaanza kuila nyumba kutoka ndani. Mpunga ukiwa mchanga, jani la katikati hunyauka likafa; wakulima huita moyo mkavu. Ukiwa mkubwa, suke hutoka jeupe, limesimama wima kuliko masuke yote, linang'aa, na ndani halina hata punje moja. Mama Funza alipenda kusema kwamba aliwahi kuchumbiwa na suke la namna hiyo, kabla hajakutana na mumewe.

Aliyewahitaji funza hao alikuwa Daktari. Daktari hakuwahi kumtibu mtu hata mafua. Udaktari wake ulikuwa wa mbegu. Alikuwa mwanaume mrefu, nadhifu, wa mashati meupe yasiyojua tope, na kwa miaka minane alikuwa akitengeneza mpunga ambao funza hatauweza. Alitumia njia mbili. Ya kwanza ni ya tangu zamani: kuuoza mpunga wa shambani kwa mpunga mwitu wa mabwawani wenye shina gumu, kisha kuchagua watoto, na watoto wa watoto. Ya pili ilikuwa ya maabara: alichukua jeni ya kijidudu kisichoonekana kwa macho, kinachoishi udongoni, akaipandikiza ndani ya mpunga, ili funza akiuma shina tumbo lake lifumke. Mtu akiula wali wake hapatwi na neno. Mama Funza alipoelezwa hayo mara ya kwanza alitikisa kichwa.

"Kumbe umewatafutia wanangu mama wa kambo," alisema.

Zilipatikana mbegu kumi na mbili. Kila msimu Mama Funza alichukua brashi nyembamba ya kuchorea, akawainua funza walioanguliwa asubuhi hiyo, wadogo kama kijiuzi kilichokatika, akawaweka kumi kumi kwenye kila mche. Na kila msimu, kwa miaka sita, funza wakafa. Walikufa kwenye mbegu zote kumi na mbili bila ubaguzi. Hata mpunga wa kawaida, uliopandwa pembeni kwa kulinganisha, waliula kidogo tu, kama mgeni aliyekwisha kula alikotoka. Lakini Daktari alisema huenda hewa ya vizimba vya majaribio ni nzito, na mpunga huo haukutiwa kwenye picha.

Sasa, kama darasa zima limepata mia kwa mia, utampa nani zawadi? Daktari alimpa mwenye sura. Alichagua Namba Nne, mrefu, aliyenyooka, mwenye punje nyembamba za kunukia, na wafanyakazi wakampa jina la Bibi Harusi. Namba Kumi na Moja, mfupi, mnene, mwenye majani ya kukwaruza kama kidevu kisichonyolewa, walimwita Kisiki. Daktari aliamuru mbegu ya Kisiki iwekwe kwenye friji la nyuma, isije ikaharibu mandhari.

Kamati ya Mbegu ingekuja baada ya wiki tano kumtazama Bibi Harusi na kumpitisha, na siku hiyohiyo wakulima kumi wa mfano wangekabidhiwa mbegu za kwanza. Mama Funza naye angepewa cheti cha utumishi mwema, chenye fremu na kioo, kwani mwezi uliofuata alikuwa anastaafu. Msumari wa kukitundikia alikwisha upiga sebuleni.

Mmoja wa wale wakulima kumi alikuwa wifi yake.

Wifi alikuwa dada mkubwa wa mumewe, mwanamke mwenye sauti ya kumwita mtu ng'ambo ya mto hata kama mtu huyo wamekaa naye meza moja. Shamba la mpunga la ukoo lilikuwa mikononi mwake, na nyumba zote mbili, yake na ya kaka yake, zilikula humo mwaka mzima. Mama Funza ndiye aliyepeleka jina lake kituoni, na ndiye aliyemwapia, mkono juu, kwamba Bibi Harusi haguswi na mdudu.

Jumapili moja Wifi aliingia jikoni bila hodi, fungu la mabua ya mpunga kwapani.

"Wifi, hawajambo watoto wako wa chupa?"

"Hawajambo, wanamsalimu shangazi yao."

"Waambie shangazi yao kawaletea ndugu zao wa shamba." Akayabwaga mabua mezani, juu ya sinia la mchele uliokuwa unachambuliwa. "Kipande chote cha kule mferejini ni moyo mkavu. Hebu vuta hilo jani."

Mama Funza akavuta. Jani la katikati likachomoka bila ubishi, limeoza kwa chini, linanuka.

"Basi ndiyo maana nasema huo mpunga wako uje upesi," Wifi akaendelea. "Msimu ujao napanda Bibi Harusi shamba zima, mpaka kwenye kingo. Hii mbegu yangu ya zamani naipeleka mashineni, tuikoboe, tule. Ya nini tena?"

"Shamba zima, wifi? Si ungejaribu kipande kwanza?"

"Ebo! Si wewe uliyeniapia haguswi? Au uliapa ukiwa usingizini?"

Sebuleni mumewe Mama Funza akaongeza sauti ya redio. Alikuwa ameishi na mmoja wao tangu azaliwe na mwingine miaka thelathini na tano, na alijua hasa ni wakati gani wa kutokuwepo.

Mama Funza akacheka, lakini kicheko hakikushuka vizuri. Kesho yake alikwenda na mabua yale kazini.

Wenzake walipotoka kwenda kula, alilipasua bua moja kwa wembe akamtoa aliyekuwa ndani. Funza wa shambani alikuwa mwembamba, mwenye mistari mieusi mgongoni, na alijinyonganyonga kwenye kibanio kama mtu aliyekamatwa kwa kosa la jirani. Mama Funza akafungua chupa moja, akamtoa wa kwake wa umri uleule: mnene, mweupe, laini. Akawaweka wote wawili kwenye mche wa mpunga wa kawaida, akavuta kiti, akajimiminia chai.

Funza wa shamba hakumsalimu mtu. Alipanda, akachagua mahali, akainamisha kichwa. Chai haijapoa, alikwisha zama nusu mwili, na vumbi la kijani likawa linamwagika nyuma yake kama kwa fundi seremala. Funza wa chupa aliuzunguka mche mara tatu. Akapanda kidogo, akateleza. Akainua kichwa, akakigeuza huku na huku, kama mtoto wa mkubwa aliyetumwa maji na hajui ndoo inashikwa wapi. Mwisho akajikunja chini ya mche, akangoja aletewe.

"Ee mwanangu," Mama Funza akamwambia, "nimekulea vibaya."

Angeishia hapo, angepona. Lakini alikuwa na mkono usiotulia. Alichukua funza wengine watatu wa Wifi akawaweka kwenye mche wa Bibi Harusi. Baada ya wiki moja jani la katikati lilikuwa limekauka. Akalivuta, likaja. Akapasua shina, akawakuta wawili wazima, wamenenepa, wamemtazama kama watu waliofunguliwa mlango wa bafuni.

Hapo aliweka wembe chini, akainua macho. Kwa sababu kwenye rafu ya juu palikuwa na daftari, na kwenye daftari palikuwa na safu moja ambayo yeye peke yake ndiye aliyeujua ukweli wake.

Sheria ya chumba ilikuwa hivi: kila mwaka waletwe nondo madume kutoka mashambani, waozwe kwa majike wa chupa, ili damu isilale. Kila mwaka alitakiwa atie alama ya vema na saini. Kwa miaka sita alikuwa ametia alama sita nzuri, na saini sita zenye mkia. Dume hakuleta hata mmoja. Mwaka mmoja kabla ya hapo aliwaleta, wakaja na ugonjwa, na katika siku nane chupa zote mia tatu zikageuka rojo nyeusi. Alilia kama aliyefiwa. Alianza upya na funza kumi na tisa aliowaokoa kwa kijiko, na akajiapia kwamba hakuna tena kidume cha barabarani kitakachowagusa binti zake. Tangu siku hiyo walioana binamu kwa binamu, vizazi zaidi ya arobaini, na hakuna aliyewahi kutafuna kitu kigumu kuliko maharage ya kusaga.

Kwa hiyo mpunga wa Daktari haukuwa umewashinda funza. Ulikuwa umewapiga watoto wa uji.

Alikwenda ofisini kwa Daktari, daftari kwapani. Kiyoyozi kilikuwa kinavuma. Daktari alikuwa amesimama mbele ya dirisha akiifanyia mazoezi hotuba yake.

"Daktari, Bibi Harusi analiwa."

"Na nani?"

"Na funza wa wifi yangu."

Daktari akaweka karatasi chini taratibu. "Pole, Mama. Wifi yako ana funza?"

"Wa shambani, mwanangu. Mwilini ni mzima, tena mzima kupita kiasi."

Akamweleza habari za mche, jani na wale wawili walionenepa. Daktari akasikiliza kwa adabu, kwani alilelewa vizuri, huku jicho moja likirudi kwenye hotuba.

"Mama, funza watatu si utafiti."

"Basi niambie wangapi ndiyo utafiti, nikuzalie."

"Tutaangalia baada ya kamati. Halafu, daftari lako si linaonyesha umechanganya damu kila mwaka? Basi funza wetu ni sawasawa na wa shambani. Una wasiwasi gani?"

Hapo Mama Funza alilitazama daftari. Aliiona fremu. Aliuona msumari. Alibana daftari kwapani mpaka jasho likalowesha jalada, akasema, "Hapana, hakuna," akatoka.

Alipofika nyumbani, Wifi alikuwa uani anashona mdomo wa gunia kwa sindano kubwa.

"Mbegu hiyo," akasema bila kuinua kichwa. "Jumamosi inakwenda mashineni."

"Ngoja kidogo, wifi."

"Ningoje nini, panya?"

"Ngoja tu. Haraka ya nini?"

Wifi akainua macho, akamtazama kwa muda mrefu kuliko kawaida yake. "Una nini wewe? Unameza mate kama mtu aliyeiba nyama jikoni."

"Sina kitu."

"Haya. Jumamosi."

Mama Funza aliingia ndani, akakaa sebuleni, akautazama msumari. Alijua vizuri kitakachotokea. Shamba zima la Bibi Harusi, refu, la kijani, la kunukia, na funza wa mferejini wamekaa kwenye kingo wamejifunga leso shingoni. Nyumba mbili bila mpunga mwaka mzima. Na Wifi, aliyeaminishwa kwa kiapo, hatapiga kelele hata kidogo. Atanyamaza, na kelele zake angalau zilikuwa na mwisho.

Alichokifanya hakukificha. Alivaa buti, akaingia shambani kwa Wifi, akachuma majani yenye mayai.

"Siku hizi mpaka mayai unaokota?" Wifi akamuuliza kutoka kwenye kingo.

"Nakuondolea adha."

"Miaka yote hii hukuwahi kuniondolea hata kikombe mezani."

Kwa ajili ya siku ya kamati, Daktari alikuwa ameagiza vizimba viwili vya chandarua, kila kimoja kipandwe mbegu zake zote isipokuwa Kisiki, viwekwe funza siku kumi na mbili kabla. Kizimba cha kwanza Mama Funza aliwaweka watoto wake wa chupa. Cha pili aliwaweka walioanguliwa kwenye mayai ya kwa Wifi. Humo alimpanda na Kisiki, aliyemtoa kwenye friji la nyuma, maana mtu akiwaita watoto wote kumi na wawili mezani hamwachi mmoja nje kwa sababu ya sura. Kisha akachukua kalamu nene, akaandika kwenye kibao kwa mwandiko wake wa shule ya msingi, herufi zimekaa wima kama zimeitwa kwenye gwaride: KIZIMBA CHA PILI. FUNZA WA SHAMBANI KWA WIFI.

Daktari angeweza kukisoma siku yoyote kati ya hizo kumi na mbili. Lakini alikuwa safarini, anaonyesha picha za Bibi Harusi kwenye kumbi za hoteli, na hata angekuwepo, vizimbani kulikuwa na joto na tope.

Siku ikafika. Wakulima kumi waliketishwa kwenye viti vya plastiki chini ya turubai, Wifi mstari wa mbele, amevaa gauni la harusini na kilemba cha kumziba aliyeketi nyuma. Wajumbe wa kamati walikuwa watano, na mwenyekiti wao alikuwa mama mmoja mfupi, asiyecheka ovyo, aliyetoa buti za mpira kwenye mkoba wake mwenyewe. Mama Funza alipoziona buti zile, alilibana daftari kwapani. Mtu anayekuja na buti zake hakuja kupiga picha.

Kizimba cha kwanza kilikuwa kijani tupu. Daktari akaeleza, wajumbe wakaandika, wakulima wakapiga makofi. Akatangulia kwenye cha pili, anafungua zipu ya chandarua huku anaendelea kusema.

"Na hapa, waheshimiwa, mtaona vilevile kwamba..."

Walichokiona hakikuwa vilevile. Mpunga wa kawaida umebaki kama ufagio uliochoka. Bibi Harusi amekauka moyo, mche baada ya mche, na dada zake wamemfuata. Mwenyekiti akaingia na buti zake, akainama, akashika jani la katikati la Bibi Harusi kwa vidole viwili. Likamfuata. Akalinusa.

"Daktari," akasema, "bibi harusi wako ni mgonjwa." Akageukia kibao, akasoma kwa sauti. "Wifi ndiye nani?"

"Mimi hapa!" Wifi akasimama kule kwenye viti, kifua mbele, hajui kama anasifiwa au anashtakiwa.

Watu wakacheka. Daktari hakucheka. Alikuwa amesimama na mkono kwenye zipu, na shati lake jeupe lilikuwa na mwili zaidi kuliko yeye.

"Mama," akasema kwa sauti ndogo, "umefanya nini?"

Hata hapo Mama Funza angeweza kukana. Angesema kibao kimekosewa, sumu imepulizwa vibaya, mvua, joto, chochote. Badala yake alitoa daftari kwapani, akalifungua kwenye ile safu, akamkabidhi mwenyekiti.

"Hizi alama za vema ni za uongo," akasema. "Zote sita. Nilitakiwa nilete madume wa shambani, sikuleta. Niliogopa watanifia tena. Funza wa kizimba cha kwanza ni wa uji, hawajui hata mpunga unaliwa upande gani. Kila mbegu inawaua, mpaka ingekuwa ya ufagio ingewaua. Hawa wa pili ndio funza wenyewe. Daktari hakujua. Alisoma saini yangu akaiamini, na saini yangu ni nzuri, iangalie."

Turubai likapigwapigwa na upepo.

"Na kwa nini unasema leo?" mwenyekiti akauliza. "Mbele ya watu wote?"

"Kwa sababu wifi yangu anataka kupanda shamba zima, na hilo ndilo tunalokula. Nimemwapia. Akikosa mpunga nitakaa naye vipi? Nyinyi mtarudi kwenu. Mimi ukuta wangu ni ukuta wake."

Mwenyekiti akakohoa, kikohozi kilichofanana sana na kicheko kilichokatazwa. Kisha akasogea ndani zaidi, mpaka mwisho wa kizimba, akasimama.

"Na huyu mfupi?"

Daktari akachungulia. Pale pembeni, kati ya dada zake waliokauka, ulisimama mstari mmoja wa kijani kibichi, mnene, usio na wasiwasi.

"Huyo... huyo hayumo kwenye orodha," akasema.

"Kisiki," Mama Funza akasema. "Namba Kumi na Moja. Alikuwa kwenye friji."

Mwenyekiti akashika jani la katikati, akavuta. Halikuja. Akavuta kwa nguvu, buti zikateleza kwenye tope, na mjumbe mmoja akamdaka kiuno kabla hajaketi. Akaomba wembe. Shina la Kisiki lilikatika kwa taabu, gumu kama mshipi wa ngozi, na ndani ya tundu dogo, hatua moja tu kutoka mlangoni, alikuwa amelala funza wa Wifi, amekauka kama jani la chai. Kisiki, kumbe, alichukua kwa pande zote mbili: ugumu kwa mpunga mwitu, ukali kwa jeni ya Daktari. Mbegu zote zilipokuwa zinashindanishwa na watoto wa uji, hakuna aliyeweza kuliona hilo.

Bibi Harusi hakupitishwa. Kamati iliamuru kila kitu kirudiwe misimu mitatu na funza wa kweli, Kisiki akiwa mbele. Wakulima waliondoka na soda, bila mbegu. Mama Funza alipata barua ya onyo, isiyo na fremu, na agizo la kubaki msimu mmoja zaidi ili alichokiharibu akitengeneze.

Kwa siku nne Daktari hakumsemesha. Siku ya tano mlango wa chumba cha mwisho ukafunguliwa, akaingia, mwenyewe, mara ya kwanza kupita kizingiti. Jasho likamtoka papo hapo. Akasimama katikati ya chupa mia tatu.

"Kwa nini hukuniambia siku ile ofisini?"

"Uliniuliza mbele ya kiyoyozi, mwanangu. Mimi ukweli wangu hauwezi baridi."

Hakucheka. "Miaka minane, Mama."

"Najua," Mama Funza akasema. Akamsogezea kiti. "Yule mpunga wa kawaida, uliokuwa hauliwi vizuri. Wewe nawe uliuona."

Daktari akatazama sakafu. "Niliuona."

"Basi kaa. Leo ni Jumatatu, unanikorogea uji."

Akakunja mikono ya shati, akakoroga. Alikoroga vibaya, mabonge matupu, lakini funza hawakulalamika.

Jumamosi hiyo Wifi aliingia sebuleni bila hodi, ameshika kapu lililofunikwa wavu. Mumewe Mama Funza akanyoosha mkono kuelekea kwenye redio.

"Iache hiyo," Wifi akamwambia, na redio ikaachwa. "Hata biskuti hazikunifikia mimi. Nimevaa gauni la harusini kwa soda ya moto."

"Nisamehe, wifi. Na ile mbegu yako sasa, uliyokwisha ikoboa..."

"Nani kakuambia nimeikoboa? Iko chini ya kitanda changu tangu siku ile."

Mama Funza akamkodolea macho. "Si ulisema Jumamosi?"

"Nilisema. Halafu nikakuona unameza mate. Miaka thelathini na tano nakutazama: ukisema kweli unapiga kelele mpaka kuku wanaruka, ukisema uongo unakuwa na adabu. Ulivyokuwa na adabu siku ile, nikajua tumekwisha." Akageuka akaangalia ukutani. "Na huu msumari mtupu wa nini?"

"Ulikuwa wa cheti."

"Kiko wapi?"

"Hakipo."

Wifi akautikisa msumari kwa kidole, akaona umeshika vizuri, akatundika kapu. Ndani, chini ya wavu, vitu vidogo vya rangi ya majani makavu vilikuwa vinajigonga huku na huku.

"Nimekuletea madume. Wa mferejini, nimewakamata kwa taa ya kibarazani."

Mama Funza akasogea, akachungulia, akakunja uso kama mama mkwe yeyote. "Wembamba hivi? Wana afya hawa? Nisije nikaletewa maradhi tena."

"Wakague. Si ndiyo kazi uliyoikwepa miaka sita?"

"Na tabia zao?"

"Mbaya," Wifi akasema, akivuta kiti. "Lakini wamekula nusu ya shamba langu, na hiyo ndiyo mahari. Usiniombe nyingine. Weka chai."